Komeo la Bunduki ya Babu

Juzi nilikuwa namsuka binti yangu, theluji imejaa kibarazani hadi magotini, nikanyoosha mkono dirishani kuchukua chupa ya mafuta ya nazi. Yameganda. Meupe, magumu kama mshumaa. Nikaitia chupa kwenye bakuli la maji ya moto, kama anavyofanya kila mwanamke wetu katika jiji hili kuanzia Novemba mpaka watu wasahau jua lina rangi gani, na nilipokuwa nangoja yayeyuke vidole vyangu vikaanza kufa ganzi. Baridi haikuwa sababu, nyumba yetu ina joto la kuokea mkate. Ni ganzi ninayoifahamu. Ilinianza nikiwa na miaka kumi, ghorofa ya tisa, Flemingdon Park, majira yale ya baridi tulipozunguka Toronto nzima tukitafuta fundi wa kutengeneza bunduki ya Babu.

Naiita ya Babu, lakini hakuja nayo. Babu alikuja kutoka Tanga na sanduku moja, bakora, na koti ambalo Baba alimhakikishia kwamba litamfaa kwa baridi ya huku. Halikumfaa hata kutoka uwanja wa ndege mpaka kwenye gari. Bunduki ilikuwa ya jirani yetu wa mlango wa pili, mzee wa Kizungu jina lake Harold, ambaye ujanani alipigana Italia. Babu alipigana Burma, askari wa Mwingereza, akatoka huko na cheo cha sajini na kovu nyuma ya sikio. Wazee hawa walikutana chini, penye masanduku ya barua, kwenye kile kiti kirefu kilichopasuka, na kwa miezi mingi walizungumza kutwa kwa maneno ya Kiingereza yasiyozidi thelathini, mengi yake amri za gwaride. Ukipita na nguo zako za kufua unamsikia mmoja anaamuru na mwingine anacheka mpaka anakohoa. Harold alipohamishiwa nyumba ya wazee, alimgongea Baba mlango akamkabidhi bunduki ya kivita, mbao na chuma, ndefu ya kunifika mabegani. Baba alikuwa na leseni. Wenzake wa kiwandani walimshawishi wakawinde kulungu, akasoma kozi, akafaulu mtihani, akaenda mara moja tu, akarudi na mafua ya wiki tatu.

"Sikupata hata unyoya," alilalamika.

"Kulungu hana unyoya, mwanangu," Babu akamwambia. "Huenda ndiyo maana."

Ilikuwa aina ileile aliyoibeba Burma. Aliipokea, akashika komeo, kile chuma cha ubavuni chenye kirungu mwishoni, unachokiinua, ukakirudisha nyuma, ukakisukuma mbele. Akalivuta, akachungulia ndani kama kuna risasi, akalirudisha. Krak, krak. Mkono wa mzee wa miaka themanini na ushee ulifanya kazi hiyo kabla mwenyewe hajafikiri.

Tangu hapo ikawa kila Ijumaa. Baba akirudi msikitini hufungua kabati la chuma lililokuwa chumbani kwake, ufunguo wake akiuvaa shingoni kama hirizi, kisha humwekea Babu bunduki mezani juu ya kanga kuukuu. Risasi hatukuwa nayo hata moja. Mama alishasema, "Siku risasi itakapoingia kwa mlango huu, mimi natokea dirishani," na tulikuwa ghorofa ya tisa. Babu alisafisha, mimi nikimsaidia. Aliniita Koplo. Yeye alizungumza Kiswahili cha Tanga, mimi nikimjibu kwa Kiingereza cha Flemingdon, na haikupata kutokea siku tukapotezana.

Kazi ya mafuta ilikuwa yangu, kwa sababu Babu alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili na tundu ndogo hakuziona. Kulikuwa na kichupa cha mafuta ya bunduki, kina mdomo mrefu kama wa mbu. Ijumaa moja kikaisha, na nikaona haya kusema, maana nusu yake nilikuwa nimeimwagia kwenye mnyororo wa baiskeli yangu. Nikafikiri. Nyumbani kwetu kila kilichokauka kilipakwa mafuta ya nazi: nywele, visigino, miko, midomo iliyopasuka, hata bawaba za mlango wa choo. Bunduki ni nani hata ijione? Mama alikuwa ameshaiweka chupa kwenye maji ya moto kwa ajili ya kichwa changu, mafuta yamelainika kama chai. Nikamimina ndani ya komeo, si tone, nilimimina kama ninaunga mchuzi.

"Umepaka, Koplo?"

"Nimepaka."

"Kila mahali?"

"Kila mahali."

"Haya, sasa na waje."

Kabati la Baba liliegemea ukuta wa nje, na ukuta wa nje wa jengo lile, mwezi wa Desemba, ungehifadhi ng'ombe mzima kama friji, bila hata kumchuna. Hilo sikulifikiria. Nilikuwa na miaka kumi.

Ijumaa iliyofuata Babu alikaa mezani, akakunja mikono ya kanzu, akainua kile kirungu cha komeo, akavuta. Halikuja. "Imegoma," akasema, bado anatabasamu. Akavuta tena. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye kiti, uso wangu karibu na chuma, na nikaona utando mweupe pembezoni mwa komeo, kama mafuta ya kondoo kwenye sahani iliyolala. Nikajua papo hapo nilichofanya. Babu akavuta mara ya tatu, kwa nguvu, kisha akanigeukia akacheka. Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Upande wa pili ulibaki umelala. Nikadhani ananifanyia kichekesho, kama alivyozoea kuiga ngamia na mkuu wa wilaya. Nikacheka.

Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote: kwamba nilicheka, na niliendelea kucheka mpaka bunduki ilipoanguka kwenye zulia, na Babu juu yake.

Kiharusi, walisema. Aliporudi kutoka hospitali alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, hana neno hata moja mdomoni, na mkono wa kulia umelala pajani kama kitu alichoombwa amshikie mtu. Watu walikuja na masufuria ya biriani ya kulisha kikosi kizima. Walilia, wakamshika Babu kichwa, wakatuombea. Mimi nilikula. Nilikula kila kilichowekwa mbele yangu, nikaenda shule, nikarudi, nikaangalia katuni na sauti imezimwa. Mama mmoja wa msikitini akanisifu kwamba nina moyo wa kiume. Wiki zile sikuwa na moyo wa kiume wala wa kike. Nilikuwa nikijibana paja chini ya meza kuona kama kuna mtu ndani.

Sikumwambia mtu, kwa sababu hapakuwa na cha kuambiwa. Jambo lenyewe lilikuwa wazi mno. Komeo limeganda, mkono umeganda. Nililigandisha mimi. Kama ungeniuliza wakati ule ningekwambia hata mwalimu wa sayansi anaweza kulithibitisha.

Halafu mtaalamu wa mazoezi ya viungo wa hospitali akatuambia tumpe Babu kitu ambacho mkono wake ulikuwa ukikipenda. Akatoa mifano: mpishi hupewa unga akande, seremala hupewa randa. Baba alisimama kana kwamba ameitwa jina. Kwenye lifti akanishika bega. "Bunduki," akasema. "Mkono wake utaikumbuka bunduki. Lakini imegoma, lazima kwanza itengenezwe." Nilimtazama kwenye kioo cha lifti nikaona kwamba Baba naye anajua ninachokijua. Tofauti yetu ni kwamba yeye hakujua ni nani aliyeharibu.

Mama hakutaka kusikia. Kazi yake ilikuwa kuwalisha na kuwaogesha wazee wa watu, ameona viharusi vingi kuliko mvua.

"Mpe kijiko, Baba Zuhura. Mkono wa mtu hurudia kijiko, haurudii vita."

"Kijiko hakijawahi kumfurahisha."

"Na hapa tunamfurahisha nani, yeye au wewe?"

Baba alivaa viatu akatoka kwenda kupasha gari moto.

Basi tukaanza kutafuta fundi, Jumamosi baada ya Jumamosi, mimi kiti cha nyuma na bunduki ndani ya buti, imefungwa kwenye sanduku lenye kufuli mbili kama bibi harusi. Duka la kwanza lilikuwa mbali kaskazini. Tuliendesha mpaka nikadhani tutamkuta Mwenyezi Mungu anapiga theluji koleo. Walikuwa wanauza minyoo ya kuvulia samaki kwenye friji ileile ya soda. Kijana wa pale aliinama akaitazama bila kuitoa kwenye sanduku, akamshauri Baba aitundike ukutani, itapendeza. "Si picha ya harusi," Baba akamjibu, akafunga sanduku.

Fundi wa pili, kule Scarborough, alikuwa na mashine za kila aina na haraka ya kila aina. Yeye aliipenda. Aliipenda mno. Alitaka aikate mbao zote za mbele, aipige rangi ya majani makavu, iwe nyepesi ya kuwindia. Alikuwa ameshachora mstari wa chaki pale pa kukata. Baba aliufuta ule mstari kwa kiganja, taratibu, mpaka ukaisha. "Mzee wangu amepungukiwa tayari," akasema kwa Kiswahili, na yule mtu akatikisa kichwa kana kwamba ameelewa.

Baba akauliza kiwandani. Akamuuliza imamu, ambaye alimsihi apunguze sauti. Akamuuliza kinyozi, kinyozi akampa namba ya simu, tukaenda, kumbe ni fundi cherehani, naye alikaribisha vizuri sana akatuwekea kashata. Mwezi ukapita, wa pili ukapita. Kila Jumamosi jioni Babu alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, anatazama magari ya barabara ya Don Valley, na Baba anamwinamia anamwambia, "Bado, Baba, lakini tunakaribia." Na mimi nautazama ule mkono.

Aliyetuokoa ni Mama Shirini, mama wa Kiismailia mzaliwa wa Dodoma, mwenye duka la viungo tulilokuwa tukinunua unga wa dengu. Siku hiyo Baba alikuwa anapima bizari huku analalamika peke yake.

"Unatafuta fundi wa bunduki?" Mama Shirini akauliza. "Miezi yote hii, na kila wiki uko hapa? Mdomo umeuacha Tanga?"

"Sikujua kama dukani kwako kuna bunduki, mama."

"Hakuna bunduki, kuna akili! Nenda kwa Mzee Gurmit, yule Singasinga wa Arusha. Baba yake ndiye aliyekuwa akizitengeneza bunduki za wawindaji wote kule, naye ameshika kazi ileile. Kaa hapa, nampigia. Na hiyo bizari rudisha, umeshamwaga nusu."

Karakana ya Mzee Gurmit ilikuwa nyuma ya nyumba yake, North York, mlango wa chuma na kengele juu. Ndani kulikuwa na joto na harufu tatu zilizoshikana: chuma, mafuta ya kitani, na chai ya iliki. Mzee mwenyewe alikuwa na kilemba cha bluu, ndevu nyeupe kifuani, na miwani miwili, mmoja puani na mwingine kwenye paji la uso, akiibadilisha kama gia. Baba alisimama mlangoni akasema, kama mtu anayetupa jiwe kisimani kupima maji:

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Funga mlango, joto linatoka."

Nilimwona Baba mabega yakishuka. Wote wale aliowaendea alikuwa akiwaeleza kwa Kiingereza chake cha kiwandani, na sasa yote yakatoka kwa mkupuo: Burma, Harold, mkono, mtaalamu wa viungo, kulungu pia. Mzee Gurmit akainua kidole.

"Ngoja, ndugu yangu. Mgonjwa nani, wewe au huyu?" Akaonyesha bunduki.

"Huyu."

"Basi mwache aseme mwenyewe."

Akaiweka kwenye meza yenye zulia. Hakuivuta upesi. Kwanza aliipitisha kiganja toka kitako mpaka mdomo wa mtutu, macho amefumba, kama Mama anavyompapasa mtu mwenye homa. Akaligonga gogo la mbao kwa ukucha, akasikiliza. Kisha akavuta komeo. Lilikwaruza, likanguruma, likaja. Akalichomoa, akalileta puani, akanusa. Akanusa tena. Halafu akashusha miwani ya juu, akatazama nywele zangu, zilizokuwa zimesukwa siku ileile na zinang'aa kama taa.

"Niachie," akamwambia Baba. "Jumamosi njoo uone kama huniamini."

Baba alimwamini, na alikwenda kila Jumamosi hata hivyo. Mzee Gurmit hakufanya kazi kama wale wengine, na huenda ndiyo sababu nayakumbuka mambo ya pale kuliko sura yangu ya wakati ule. Alivua mbao zote, na chini yake chuma kilikuwa kimeota kutu kama ukurutu. Hakukisugua kwa mashine. Alikaa na kitambaa cha pamba na sufi nyembamba ya chuma, saa nzima kwa eneo la kidole gumba. Mbao zilikuwa na mabonde, kila bonde mahali ilipogongwa na kitu katika vita fulani. Mimi nilitegemea atayajaza gundi. Kumbe aliloanisha kitambaa, akakitandika juu ya bonde, akachukua pasi ya umeme, pasi ya nguo kabisa, akaikandamiza. Mvuke ukalia. Alipoinua kitambaa, bonde lilikuwa limejaa lenyewe, mbao imekunywa maji ikavimba ikarudi ilipokuwa. Sijawahi kuona mwanamume akipiga pasi kwa upendo namna ile. Mwanamume mwenyewe anapiga pasi bunduki!

Nami nilikaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, nikatazama mbao zikipona, na mara ya kwanza tangu ile Ijumaa kitu kikaanza kunitekenya katika vidole. Kama mabonde yale yanarudi, basi kila kitu kitarudi.

Jumamosi ya nne gari la kuondoa theluji lilikuja, Baba akatoka kwenda kulihamisha gari letu. Tukabaki wawili na pasi.

"Ni mimi," nikasema.

"Najua ni wewe," Mzee Gurmit akajibu bila kuinua macho. "Bunduki nzima inanukia kichwa chako."

"Nililigandisha komeo. Babu akavuta, likakataa, akavuta tena kwa nguvu, ndipo akaanguka. Mimi ndiye niliyemuua mkono."

Akaitua pasi. Hakucheka, na mpaka leo namshukuru kwa hilo. Alilichukua komeo kutoka kwenye kisahani, akaniita karibu, akanipa kioo cha kukuzia.

"Soma namba hapa. Sasa soma hapa kwenye mwili wa bunduki. Sawa?"

"Si sawa."

"Si sawa. Komeo hili si lake. Lilitoka kwenye bunduki nyingine, mtu alilitia humu zamani, baba yako labda hajazaliwa. Tazama ubavu huu, unaona panavyong'aa? Hapa linakula chuma. Limekuwa gumu hivi miaka yote. Mafuta yako ni siagi tu, mtoto. Siagi haimsimamishi mtu mzima." Akanitazama kwa miwani ile ya puani. "Babu yako alikuwa akilivuta kila wiki?"

"Kila Ijumaa."

"Kwa mkono wa kulia? Gumu hivihivi?"

"Ndiyo. Krak, krak."

"Basi alikuwa na nguvu, huyo mzee." Akalirudisha komeo kwenye kisahani. "Sasa sikiliza vizuri. Siku ile bunduki ilikuwa ileile ya Ijumaa zote. Kilichopungua ni mkono. Ugonjwa ulikuwa umeshaingia, kabla hajashika. Komeo halikumfanya kitu, na wewe hukumfanya kitu. Umenisikia? Huna kosa."

Alinimiminia chai ya iliki kwenye kisahani ipoe, akanipa na biskuti mbili, akasimama pembeni akingoja nilie. Watu wote hungoja ulie ukishaambiwa huna kosa. Alidhani amenitua mzigo, na kwa akili za mtu mzima ni kweli alinitua. Nami nina watoto sasa, najua ningewaambia maneno yaleyale, na kwa sauti ileile.

Lakini mimi nilikuwa nimekaa na kosa lile miezi mitatu, na ndani yake mlikuwa na dawa. Kama ni mimi niliyeuharibu mkono, basi mkono ulikuwa na sababu, na sababu ilikuwa hapa mezani juu ya zulia, inapigwa pasi, inapona. Mzee Gurmit aliliondoa kosa, akaondoka na dawa. Mkono ukabaki mkono tu. Nilielewa, pale kwenye ndoo, kwamba hakuna kitu ndani ya karakana ile kitakachomponya Babu, hata angepata mafundi mia. Nikainua kisahani, nikanywa. Iliwekwa sukari ya kutosha kijiji kizima, nilimwona akiiweka. Sikusikia utamu.

Baba aliingia na theluji mabegani, anapuliza mikono, anacheka.

"Mnaongea nini wenzangu?"

Mzee Gurmit alinitazama, akaniachia mimi nijibu.

"Pasi," nikasema.

Bunduki ilikamilika mwishoni mwa baridi. Mzee Gurmit alikuwa na sanduku la makomeo ya zamani, akajaribu kumi na moja, akipima kila moja kwa vijipande vya chuma vyembamba kama ukucha, akiyakataa kwa kutikisa kilemba. La kumi na mbili liliingia kama ulimi mdomoni. Akampa Baba alivute. Baba alitumia kidole kimoja. Likateleza nyuma, likateleza mbele, krak, krak, ile sauti yenyewe, na Baba akakaa kwenye ndoo yangu akajifunika uso. Mzee Gurmit aligeuka akaanza kupanga bisibisi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Alitusindikiza mpaka mlangoni. "Bunduki nimemaliza," akamwambia Baba. "Mzee sijamgusa." Baba alicheka sana, akamshika mikono yote miwili, akamwambia atamletea halua.

Ijumaa hiyo Mama alimwogesha Babu akamvalisha kanzu nyeupe na kofia. Hakubishana tena, alisema tu, "Kabla chakula hakijapoa," akasimama kwenye sinki akiosha vyombo ambavyo niliviona ni safi. Baba alimgeuza Babu kutoka dirishani. Akailaza bunduki juu ya mapaja yake, mbao zinang'aa kama tende, akaniambia nishike kitako isianguke. Nikapiga magoti upande wa kulia, nikashika. Baba akauchukua ule mkono, akaufungua vidole kimoja kimoja, akavikunja juu ya kirungu cha komeo, akaachia.

Mkono ukateleza, ukaanguka.

"Si kitu, Baba. Tena."

Akauinua, akavikunja vidole, akaachia. Ukaanguka. Nilikuwa karibu kiasi cha kuona nywele nyeupe za kidole gumba na ile ngozi laini iliyotokea baada ya kukaa bure. Ningeweza kusema. Maneno yote ya Mzee Gurmit nilikuwa nayo, yamepangika, kwa lugha mbili. Baba alikuwa ametokwa na jasho kwenye mdomo wa juu. Babu hakuitazama bunduki hata mara moja. Alikuwa anamtazama Baba, kwa yale macho yenye ukungu, namna unavyomtazama mtoto anayekuonyesha mchoro.

"Vuta, Baba. Vuta kidogo tu." Mara ya tatu. Mara ya nne. Maji ya sinki yakasimama, nikajua Mama amegeuka.

Mara ya tano Baba hakuuachia mara moja. Aliufunika ule mkono kwa wake, akakaa nao, pua karibu na chuma. Kisha akaniinulia uso, na ulikuwa umewaka kiasi kwamba nilitaka kufumba macho.

"Umeona, Zuhura? Hiki cha shahada. Kimesogea. Umeona?"

Nilikitazama kile kidole. Nilikitazama kwa muda mrefu, nacho kimelala vilevile.

"Nimeona, Baba," nikasema. "Kimesogea mara mbili."